Dosie Yenye Jina Langu

Niliingia darasa la kwanza nikiwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, na tangu hapo sikuzoea kushindwa masomoni. Jumatano ile, tarehe kumi na nne Mei, nilishindwa na jirani yangu wa zamani wa mtaa wa Musonoi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya kompyuta parokiani. Mwalimu alitupitishia flashi yenye maktaba ya kuchorea, yaani amri zilizokwisha kuandikwa na wengine. Kompyuta ikizipata, huchora ukuta au duara kwa neno moja. Mimi nilitaka kuchora nyumba yangu, ambayo mashine za mgodi ziliibomoa Jumatatu, tarehe tatu Februari. Sikuwa na picha yake hata moja, na nilikwisha kuanza kuisahau.

Nyumba ya jirani, ng'ambo ya barabara, haikutiwa alama nyekundu ya kubomolewa. Siku ile alinisaidia kutoa masufuria, kisha akarudi kupika kwake. Huko kurudi kupika ndiko ambako sijamsamehe.

Sasa darasani alichora maduara, ya mchezo tu, yakapanda kwenye kioo kama mapovu ya sabuni. Mwalimu akampigia makofi. Kompyuta yangu ilijibu kwamba maktaba haionekani.

"Mama, ya kwako inalala?" jirani akaniuliza, akicheka.

"Angalia maduara yako. Nyumba uko nayo, na mashini nayo inakusikia."

Kicheko kilikatika. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Uliiweka wapi?"

"Mu dosie yangu," nikajibu, nikimwonyesha folda kwenye kioo. "Yenye jina yangu."

"Juu ya nini uliiweka kule? Mwalimu alisema mu ile ya bote."

"Bitu ya mahali ya bote, batu banabebaka."

Akaigusa ile ya wote kwenye kioo changu.

"Ipeleke, mama. Mi nitaichunga."

Niliihamishia dosie ya wote, ambako kompyuta huitafuta maktaba. Nikaandika upya, na ukuta ukatokea, kisha paa, kisha mlango. Dirisha la jikoni nililiweka mwisho kabisa wa ukuta.

"Hapana pale," alisema, akigusa kioo karibu na mlango. "Hapa. Nilikuwa nakuona toka kwangu, unakata majani ya sombe, na mukono moja unafukuza kuku mulangoni."

Alisema kweli. Nililisogeza dirisha hadi chini ya kidole chake, nikimwonea wivu hata kwa hilo: nyumba yangu aliikumbuka kuliko mimi.