Mume wa Kwenye Simu

Kwa muda mrefu niliamini Mzee Eustace ana kimada. Mnisamehe, lakini mwanaume mtu mzima, mkewe mgonjwa, kila alasiri anajibanza nyuma ya migomba inayotenganisha ua wake na wangu, simu ya mkononi mbele ya mdomo, anabembeleza kwa sauti ambayo sisi majirani zake hapa Kilakala hatujawahi kuisikia. Wewe ungedhani nini? Nikanuna kwa niaba ya Devotha, mkewe. Salamu za mzee nikawa nazijibu kwa mkato.

Siku moja nilikuwa naanua nguo karibu na migomba hiyo. Masikio ya mzee ni mazito, kwa hiyo huweka spika. Sauti iliyomjibu ilikuwa ya Devotha mwenyewe, aliyekuwa sebuleni kwake ameshika mkonga wa simu ya mezani.

"Eustace! Utarudi lini?"

"Jumamosi, mke wangu."

"Uniletee sukari guru."

Hasira zangu zote ziliniishia palepale, nikabaki na aibu.

Zamani mzee alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari upande wa Turiani, na Devotha alibaki hapa na binti yao, Neema. Ndipo wakavuta simu ya mezani. Siku ya kupigiwa, Devotha alikuwa anaoga, anajifunga kanga safi kana kwamba simu ina macho, kisha anakaa kusubiri. Tulimtania mpaka tukachoka. Sasa maradhi ya kusahau yamemnyang'anya mume anayelala naye nyumba moja, yakamwachia yule wa kwenye simu. Asubuhi akimkuta Eustace sebuleni, anainama kidogo: "Shikamoo, mzee." Na mume wake wa ndoa anaitikia marahaba. Siku moja mzee alimwambia, "Devotha, ni mimi," mkewe akapiga yowe mpaka tukajaa uani tukidhani ni mwizi. Mzee hajarudia tena.

Mambo yakaharibika mwezi uliopita. Devotha alitoka bila kuonekana, akaenda kumpokea mumewe stendi ya Msamvu. Tulimkuta kwenye benchi la abiria, kanga yake safi imelowa chapachapa kwa mvua, anasubiri basi la Turiani. Neema akapanda gari kutoka Dodoma akiwa amefura. Akaniita barazani nikawe shahidi.

"Baba, hii simu ikatwe. Ya mkononi unayo, ya mezani ya nini? Ukishampigia, Mama anakaa mlangoni mpaka giza. Chakula hagusi, anamsubiri mumewe. Mama Lukasi, mwambie."

Nami sina breki ya mdomo. "Neema amesema kweli, Baba Neema. Unamfurahisha dakika mbili, halafu anateseka siku nzima."

"Najua." Alikuwa anatazama sakafu. "Lakini mimi nimebaki humo tu. Nje ya hiyo simu, mimi ni mpangaji kwenye nyumba yangu."

Nilimhurumia. Hata hivyo nikamwona akilini Devotha akigongwa na basi kule Msamvu, na sikubadili neno langu.

"Basi niacheni nimuage," akasema, akaenda kwenye migomba yake.

Mimi na Neema tukaingia sebuleni. Simu ikalia. Devotha akajifunga kanga vizuri, akainua mkonga.

"Eustace, afadhali umepiga. Kuna mzee humu ndani, haendi kwao. Ananipikia uji, ananifulia. Ni mpole, lakini namwogopa. Njoo umtoe."

Neema akaziba mdomo kwa kiganja. Tukasikia sauti ya mzee kupitia dirishani, maana kiziwi hawezi kunong'ona.

"Huyo mzee nimemtuma mimi, Devotha. Ni ndugu yangu. Huku kazi imenishika, nitachelewa sana. Akikupa chakula, kula. Stendi usiende tena."

"Ni mtu mzuri?"

"Hatakudhuru."

"Haya. Usije ukanisahau huko."

Devotha akarudisha mkonga mahali pake. Mzee alipoingia, macho yake yalikuwa mekundu. Devotha akainuka na kuinama. "Shikamoo, mzee. Kumbe wewe ni mtu wa mume wangu! Karibu ukae." Jioni ile alikula ugali aliopikiwa na mgeni wake, akamaliza.

Neema hakuitaja tena habari ya kukata simu. Walikubaliana na baba yake kwamba ibaki, ila asipige isipokuwa Devotha akigoma kula. Na kwa kuwa sasa anakula vizuri, mzee hapigi. Kwenye migomba simwoni tena, na siku hizi amekonda yeye.

Juzi niliwapelekea ndizi nilizoletewa kutoka Matombo. Nikawakuta wamekaa mezani, Devotha akimsimulia mgeni wake habari za Eustace, jinsi alivyo mcheshi, jinsi anavyopenda pilipili.

"Na wewe, mzee," akamuuliza, "huna mke?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Mzee akaitazama ile simu pembeni. "Yuko mbali kidogo."

"Sasa mbona humpigii?" Devotha akamkaripia. "Mwenzio atakuwa anasubiri."