Zunguka Kwanza, Sajenti

Watu wa Mkunya tuna uvumilivu. Tumevumilia mabomba yasiyotoa maji, tumevumilia madiwani, na msimu ule mikorosho ilipogoma kuzaa tuliwavumilia hata wataalamu waliokuja kutueleza kwa nini kosa ni letu. Lakini Sajenti Jafari alipostaafu jeshi akarudi kwao, jirani yangu wa ua kwa ua, uvumilivu wangu mimi Optatus uliisha kabla mvua za kwanza hazijanyesha.

Kazi yake jeshini ilikuwa kuongoza ndege. Si kurusha, kuongoza. Tofauti hiyo alitueleza mpaka tukaijua kuliko sala zetu. Rubani yuko juu na ndege yake. Chini, kwenye chumba cha vioo kilichokaa juu ya mnara, kuna mtu mwenye redio anayemwambia ruka, tua, subiri, zunguka. Mtu huyo ndiye yeye. Nilimwuliza kambini kwao kulikuwa na ndege ngapi. Akakunja uso, akasema hiyo ni siri ya jeshi. Mkewe Mwanaheri, aliyekuwa anapeta mchele barazani, alicheka mpaka mchele ukamwagika. Yeye aliishi kambini miaka yote hiyo, na alijua kwamba siku nyingi kazi kubwa ya mnara ilikuwa kuwaita askari waje kufukuza mbuzi waliolala kwenye njia ya kurukia.

Mbuzi hao hao ndio waliomharibu mumewe. Siku moja mkubwa mmoja wa jeshi alikuja akiendesha ndege mwenyewe, akaomba kutua. Njiani kulikuwa na mbuzi. Jafari, koplo wakati huo, akashika redio akasema: zunguka, subiri, nitakuita. Na yule mkubwa, ambaye chini angeweza kumrusha Jafari kichurachura mpaka magoti yagome, akarudia maneno ya koplo neno kwa neno: nazunguka, nasubiri, utaniita. Ndiyo sheria yao. Ukipewa agizo angani huitikii tu, unalirudia lote, ili aliyekupa ajue umelisikia lilivyo. Usiporudia, huhesabiwi kuwa umesikia. Jafari alionja utamu ule na hakupona tena.

Sasa mlete mtu huyo Mkunya.

Kwetu kumrudishia mtu mzima maneno yake usoni ni kumuiga, na mtoto anayeiga wakubwa hulala na mashavu ya moto. Mtu akikuagiza jambo unasema "haya", unainamisha kichwa kidogo, mmemaliza. Kama utalifanya au hutalifanya, hayo ni kati yako na Mungu. Jafari akaja na sheria ya angani akataka tuifuate kwenye foleni ya maji. Alisimama bombani, mikono nyuma, akaamua kwamba wenye ndoo tupu waingilie kushoto na wenye ndoo zilizojaa watokee kulia, na hakuna kusogea bila ruhusa yake.

"Mama Cecilia, subiri hapo mpaka Mama Nikolao atoke. Rudia."

"Haya, baba."

"Sijakwambia useme haya. Rudia nilichosema."

Mama Cecilia, mtu mwenye wajukuu, aliweka ndoo chini akamtazama vizuri. "Nikuige? Mimi nina wazimu?" Akapita katikati, si kushoto wala kulia, akateka maji yake.

Msibani ndiko alikovuka mpaka. Tulikuwa tumebeba jeneza, tunakaribia makaburini, na watu wa msiba mwingine walikuwa wanatoka. Sajenti akaruka mbele yetu, mkono juu. "Jeneza lisubiri! Njia haijawa wazi!" Tukasimama juani na marehemu mabegani, baba wadogo wa Jafari wakiwa miongoni mwa wabebaji. Kumsubirisha mtu aliye hai nimekuona kwenye ofisi nyingi. Kumsubirisha maiti nilikuona kwa Jafari tu.

Niwe mkweli, jambo moja alilofanya lilitufaa. Salfa, unga wa dawa ya mikorosho, hupulizwa asubuhi, upepo ukiwa umelala. Ukikosea, unga wote unaishia machoni mwako na shambani kwa jirani. Jafari akasema kila kiwanja cha ndege kina mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, wa kuonyesha upepo unakoelekea, na Mkunya hatustahili kukosa. Akakata mti mrefu, akaanza kutafuta kitambaa chepesi chenye rangi ya kuonekana mbali.

Siku hizo hizo Mwanaheri alikuwa ametoa nguo zake sandukuni kuzianika. Mimi nilikuwa napigilia ua upande wangu, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila kukusudia, au kwa kukusudia kidogo.

"Baba Faidha," alimwambia, maana Faidha ni binti yao aliyeolewa Mtwara, "hii kanga nyekundu ni ya marehemu mama. Ndiyo niliyofunikwa siku natoka unyagoni. Naomba usiiguse."

Jafari alikuwa anatazama mawingu.

"Haya," akasema.

Nilishusha nyundo. Mtu aliyetunyima raha kijiji kizima kwa sababu ya jibu hilo, amelitoa mwenyewe, tena kwa ulaini, bila hata kugeuza shingo! Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Mwanaheri amesimama kidogo pale kambani kabla ya kuingia ndani, nikaendelea na misumari yangu.

Asubuhi iliyofuata Mwanaheri alikuwa bombani. Aliinua macho akaiona kanga ya mama yake juu ya mlingoti, imekatwa, imeshonwa kuwa mfuko, imevimba kwa upepo. Wakulima waliokuwa wanapita na mashine zao za kupulizia walikuwa wanapiga makofi. Aliiacha ndoo yake kwenye foleni, jambo ambalo Mkunya mtu hafanyi hata nyumba yake ikiungua, akapanda bodaboda ya Cuthbert mpaka stendi ya Newala, akashuka Masasi kwa mjomba wake.

Mara ya kwanza Jafari alidhani mkewe amekwenda kusalimia. Simu ikaita bila kupokelewa, akalaumu mtandao. Akalaumu minara ya simu, akasema imejengwa na watu wasiojua minara. Mwishowe Cuthbert akamweleza mwanamke yule alivyolia njia nzima, na Jafari akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kuamrisha kitu chochote. Hapo nilijua mambo yameharibika. Wanamwita sajenti, lakini mtu aliyemfanya awe mtu ni Mwanaheri. Bila yeye hata chai hajui inachemshwa mpaka lini. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

Kwenda ukweni peke yako haiwezekani, lazima uwe na wa kukusemea. Baba zake wadogo walikataa wote. Mmoja alimtumia salamu kwamba njia haijawa wazi. Nikabaki mimi.

Mzee Shamte, mjomba wa Mwanaheri, anauza nguo Masasi na nyumba yake iko chini kabisa ya mlima wa mawe. Tulimpigia shikamoo, na marahaba yake ilichukua muda kutoka. Akatukaribisha mkekani, akataka kujua mpwa wake amefanywa nini hata amerudi hasemi. Niliyekuja kumsemea sikupata nafasi. Jafari alieleza mwenyewe: mwelekeo wa upepo, faida ya salfa kutua mahali pake, manufaa kwa wakulima wa kata nzima. Mzee Shamte alimsikiliza kama anavyosikilizwa mgeni rasmi, yaani macho yalikuwa kwake na akili ilikuwa dukani.

Ndipo Mwanaheri akatoka ndani, akakaa pembeni ya mjomba wake.

"Baba Faidha. Siku ile nimeanika nguo, nilikwambia nini?"

"Uliniambia kuhusu kanga."

"Rudia nilichosema."

Jafari akanigeukia mimi, nami nikatazama mkeka, kwa sababu nilikuwa nalijua lile jibu lote na halikuwa langu.

"Ulisema," akaanza, "kwamba ni nyekundu."

Ungekuwa wakati mwingine ningecheka wiki nzima. Mwanaheri hakucheka.

"Tangu unioe nimerudia maneno yako," akasema. "Chai hivi, mlango vile, njia hii, si ile. Nimerudia kama hao marubani wako, sikuwahi kukukosea hata neno. Mimi nilikuambia jambo moja la mama yangu. Ukaniambia haya."

Sajenti aliinamisha kichwa mpaka nikaona kipara chake, nikafahamu kuwa amezeeka.

"Sasa sikiliza," Mwanaheri akaendelea. "Kanga uishushe. Uifue. Uirudishe ilivyokuwa, uishone kwa mkono wako, usimpe fundi. Halafu uje Masasi, lakini hapa usiingie. Utazunguka huko nje. Nitakuita nikitaka."

"Kanga naishusha," akasema Jafari. "Naifua. Nairudisha ilivyokuwa, naishona kwa mkono wangu, simpi fundi. Nakuja Masasi, hapa siingii. Nazunguka nje. Utaniita ukitaka."

Mzee Shamte aliruka kutoka mkekani. "Anamuiga! Anamuiga mtoto wetu nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu!" Alikuwa anatafuta bakora.

"Mwache, mjomba," akasema Mwanaheri. "Leo ndiyo amenisikia."

Tulirudi Mkunya, na kumbe habari ilikwishafika kwa simu. Jafari aliposhika kamba ya mlingoti, wakulima walimzunguka. Ndio kwanza kipindi cha salfa kimeanza, walisema. Asubiri mpaka tumalize kupuliza, mke anaweza kungoja lakini ubwiri, ugonjwa wa mikorosho, haungoji. Watu ambao hawajawahi kukubali neno lake hata moja sasa walimwita kamanda, wakamwahidi kwamba akiuacha mfuko pale, bombani kila mtu atarudia anachoambiwa. Hata baba zake wadogo waliahidi. Nilimwona akimeza mate. Ndilo jambo alilolitamani tangu ashuke kwenye basi na begi lake la kijeshi.

Akaishusha kanga. Wakaondoka wakimtukana, na keshoye salfa yangu yote ilikwenda kwa Mama Cecilia.

Wanawake nao hawakupoteza muda. Jioni ile ile mke wangu Bibiana aliniambia jambo fulani kuhusu paa la jiko, nikajibu "haya" kama nilivyojibu tangu tufunge ndoa. Akashika kiuno. "Rudia nilichosema, Baba Oliva." Sitaki kusimulia yaliyofuata.

Jafari alishona barazani kwake kwa muda ambao fundi angemaliza suti za harusi nzima. Akajichoma, akafumua, akashona tena. Kisha akaiweka kanga kwenye mfuko, akashuka Masasi, akafikia kwa rafiki yake wa jeshini. Kila siku baada ya swala ya alasiri alipita mbele ya nyumba ya Mzee Shamte, akakunja kona ya msikitini, akatokea nyuma kwenye mashine ya kusaga, akapita tena. Hakubisha hodi. Madereva wa bodaboda wakampa jina, Ndege. Mzee Shamte alivumilia, kisha akaanza kulalamika kwamba wateja wanamwuliza dukani yule ni mlinzi au ni mwizi.

Siku nilipokwenda Masasi kutafuta kifaa cha mashine yangu nilimkuta katikati ya mzunguko. Amekonda, viatu vimejaa vumbi. Nikamwambia aache, twende nyumbani, mtu akikataa amekataa.

"Sijaitwa," akanijibu, akaendelea kutembea. Nikaona aibu, nikamfuata.

Tulipotokea mbele ya nyumba Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono. Jafari akampa mfuko kwa mikono miwili. Mwanaheri akaikunjua ile kanga, akaitazama mishono yake, imepinda, mikubwa, mahali pengine uzi mweusi kwenye nguo nyekundu. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Akapitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho, polepole, kisha akajitupia kanga mabegani.

"Tua," akasema.

Jafari akafungua mdomo alirudie neno hilo kama sheria yao inavyotaka. Halikutoka. Alijaribu tena, machozi yakamshuka mtu mzima pale barabarani mbele ya madereva wa bodaboda.

Mwanaheri akamsubiri. Alipoona haliji, akasogea pembeni ampishe.

"Haya, Baba Faidha," akasema. "Haya."