Kona ya Juu, Mkono wa Kulia

Kabla sijasema lolote zuri juu ya Syombua, niseme kwamba alikuwa mtu wa kinyongo, na mimi sikuwahi kumlaumu. Wengine huweka kinyongo mwezi mmoja wakachoka. Yeye alikaa na chake miaka ishirini na minne, akikipeleka kanisani kila Jumapili na kurudi nacho nyumbani.

Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Kanyangi. Shule aliachia darasa la saba, lakini noti za do-re-mi alizisoma kama wengine wanavyosoma bei dukani. Mwaka wa 1975, mvua ilipokataa misimu miwili, alitunga wimbo wa Kikamba wa kuomba mvua irudi Yatta. Aliuandika sauti zote nne kwenye karatasi ya kaki ya kukatia nguo. Najua kwa sababu nilikuwepo. Aliniketisha kando ya cherehani, akanitaka niimbe sauti ya pili tena na tena, huku akifuta noti moja na kuandika nyingine mpaka ikakaa vizuri.

Ile karatasi ya kaki akampa Kiema, karani wa kwaya. Kiema alikuwa mwalimu wa shule, na shuleni kulikuwa na mashine ya kutoa nakala. Sasa, kwetu karatasi ya wimbo ina desturi yake. Jina la wimbo linakaa katikati, na jina la mtunzi linakaa kona ya juu, mkono wa kulia. Ukipewa karatasi mpya, jicho linaenda pale kwanza. Nakala zilipokuja, tuliangalia kona tukakuta neno moja: Handel.

Syombua alimwuliza mbele yetu sote. Kiema, ambaye alikuwa akitamani kiti cha mwalimu wa kwaya kuliko alivyotamani mbingu, na aliona Syombua anaweza kukipata, akampeleka kwa kamati ya kanisa.

"Huu wimbo nimeuona kwa kitabu cha Wazungu nikiwa koleji," aliwaambia wazee. "Ni wa Handel, mtunzi wao wa zamani. Huyu mama ametoa maneno yao akaweka ya Kikamba, halafu anasema ni wake."

Hakuna aliyeuliza kitabu kiko wapi. Wale wazee saba, hata mmoja hangemtambua Handel akipita sokoni na mbuzi. Lakini waliamini haraka sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wimbo mzuri hivyo, sauti nne, utoke kwa mshona nguo? Ukitoka Ulaya, hiyo inaeleweka.

Waliniita nishuhudie. Mzee wa kamati aliniuliza, "Mbula, huu wimbo umetoka wapi?" Kiema alikuwa anafundisha watoto wangu wawili. Nikasema sijui.

Syombua alitengwa miezi mitatu. Asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma. Miezi ikiisha, asimame mbele ya kanisa aungame kwamba aliiba na kudanganya, kisha apokelewe. Ndiyo sheria yetu. Miezi mitatu iliisha na hakusimama. Alisema hawezi kuungama uongo ndani ya nyumba ya Mungu, na hawezi kuhama kanisa kwa sababu anataka Kiema amwone kila akigeuka. Benchi la nyuma likawa lake.

Kiema akawa mwalimu wa kwaya. Wimbo nao ukakua. Tuliuimba kila mavuno, tukaenda nao mashindano mpaka Mwingi, tukashinda. Kiema alizeeka akiuongoza, na akaandika kwa mkono wake kwamba siku ya kuzikwa aimbiwe huo, beti zote, bila kukatwa.

Na Syombua alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa anamsaka Handel. Sifanyi mzaha. Akienda Kitui kununua uzi, alipita kwa walimu kuomba vitabu. Alipanda basi mpaka maktaba Nairobi, akarudi na daftari limejaa: Handel alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1685, akahamia London, akafa kipofu. Alinakili majina ya kazi zake kurasa nyingi. Lakini orodha ya majina haikumsaidia, kwa sababu Kiema hakuwahi kutaja jina la wimbo. Ilibidi apate mahali panapoonyesha zile tuni zenyewe, zote, ili aseme: tafuteni, hauko.

Mwaka huu wa 1999, kanisa moja la Kiboko, huko barabara ya Mombasa, lilimpa kazi ya kushona kanzu za kwaya. Aliniomba nimsaidie kuzibeba. Aliyezipokea ni bwana mmoja wa Nyeri, Irungu, fundi wa mitambo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Syombua, kama kawaida yake, alimwuliza habari za Handel kabla hata ya kupewa chai.

"Mama, mbona umeteseka hivyo?" Irungu alisema. "Siku hizi kuna mtandao. Kujeni na lunch hour, nitaomba bosi atupatie kompyuta."

Tuliketi mbele ya ile kompyuta tukingoja laini ya simu ishike. Ukurasa ulifunguka polepole mpaka nikasinzia. Wa kwanza ulikuwa umepambwa maua na ulisema Handel alizaliwa London.

"Toa hiyo," Syombua alisema. "Huyo naye ni Kiema mwingine."

"Kwa mtandao kila mtu anaandika," Irungu alimweleza. "Angalia nani ameandika. Tutafute ya university."

Akapata ya chuo kikuu cha ng'ambo ambapo unaandika mwanzo wa tuni kwa namba, do ikiwa moja, re mbili, mi tatu, halafu mashine inatafuta. Syombua alivuta kiti mbele. Miaka yote hiyo alidhani ataipata kwa Kizungu kigumu, kumbe ni do-re-mi yake mwenyewe kwa namba. Hakuharakisha. Kwanza alimpa Irungu tuni ya Handel iliyo kwenye kitabu chetu cha nyimbo, aone kama mashine inajua kazi. Mashine ikamtaja Handel. Ndipo akasema namba zake.

Hakuna. Akapunguza namba, zikaja tuni tatu za watu wengine, akaziimba moja moja kwa sauti ya chini. Zote ziliachana na yake kwenye noti ya sita. Irungu akaandika barua pepe kwa maktaba ya chuo hicho, akaweka tuni yote. Wiki mbili baadaye akatutumia jibu kwa dereva wa lori, limepigwa chapa: tumepitia orodha kamili ya kazi za Handel pamoja na mianzo ya tuni zake, na tuni hii haimo.

Nilimwona Syombua akisoma ile karatasi. Hakulia. Aliikunja, akasema, "Sasa Kiema asimame pale mbele."

Pasta Muthama alihamia kanisa letu juzijuzi na hakuogopa wazee. Alisoma barua mbele ya kamati, kisha akamwuliza Kiema kitabu kiko wapi. Kiema alisema kililiwa na mchwa. Akaulizwa jina la wimbo. Ndipo akasema hakukuwa na kitabu.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele, mzee wa miaka sabini, akaungama. Alisema aliona wivu. Na hapo ndipo sheria yetu ilipoonyesha ujinga wake. Aliyeungama anapokelewa papo hapo. Watu walitoka kwenye mabenchi wakapanga foleni kumshika mkono, akina mama wakilia, wazee wakimpiga bega. Mwongo alimaliza habari yake kabla ya chakula cha mchana. Msema kweli alikuwa amekaa nyuma miaka ishirini na minne. Niliona si haki, na bado nilikuwa kwenye foleni na wengine.

Syombua alikuwa wa mwisho. Alifika mbele ya Kiema, mikono yake iko nyuma.

"Syombua, nisamehe," Kiema alisema.

"Umeungama, kanisa limekupokea," Syombua alimjibu, na kanisa zima lilisikia. "Sasa sikilizeni. Wimbo ni wangu, nyote mmekubali. Mimi mwenyewe nasema hautaimbwa tena hapa. Na kwa mazishi yako, Mwalimu, hautaimbwa."

Pasta alimsihi. Wazee wale wale walitembea mpaka kwake mara tatu. Alizichukua nakala zote kutoka kabati la kwaya, na hakuna aliyethubutu kumzuia, maana angemzuia kwa haki gani?

Kiema alikufa mwezi wa kumi. Tulikuwa wengi kaburini. Ilipofika zamu ya kwaya, tulisimama mikono mitupu. Syombua alikuwa safu ya mbele, amevaa vizuri, mkoba mapajani. Kalondu, mjane, alimwendea akapiga magoti kwenye udongo.

"Dada yangu, ubeti mmoja tu. Ni kitu alitaka."

Syombua alimtazama bila hasira. "Muulize Handel," alisema.

Tukaimba mwingine kutoka kitabuni. Sanduku likashuka.

Tulirudi pamoja kwa miguu, mimi na yeye. Nilikuwa nimefurahi, siwezi kuficha. Niliona mambo yamefika mahali pake. Njiani akaanza kuuimba wimbo wake polepole, sauti ya kwanza, mara ya kwanza kumsikia tangu 1975. Nikaingia na sauti ya pili, ile aliyonifundisha kando ya cherehani.

Akasimama.

"Unaimba nini?"

"Si huo wako," nilisema.

"Unajua umetoka wapi?"

Alirekebisha mkoba begani, akanitazama kama alivyomtazama Kalondu.

"Ulisema hujui," alisema. "Endelea kutojua."

Akaendelea kuimba peke yake, na mimi nikanyamaza mpaka kwangu.