Leonsia Aomba Kazi ya Ulezi

Kijiji chenyewe sikitaji jina. Kipo njia ya Nyakahura, wajukuu wa waliohusika bado wanaishi pale, na mimi bado napita pale kununua ndizi.

Leonsia alikuwa binti wa Nyakisasa, upande wa Ngara, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake Scholastika baada ya kumaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari siku hizo zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, naye hakuipata. Wenzake walilia wiki moja wakaolewa. Yeye alilia siku mbili, akaandika barua Dar es Salaam kuomba masomo ya sekondari kwa njia ya posta. Vijitabu vikaja, na mazoezi ya kujibu na kurudisha. Nia yake ilikuwa asome hivyo hivyo mpaka kidato cha nne, kisha aombe chuo cha ualimu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka vita vya Kagera vilipoanza. Vijana wa kijiji walikwenda mstari wa mbele, na waliobaki wakapangiwa shamba la pamoja la mihogo tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mafuta ya taa nayo yalikuwa yameadimika, hivyo msomaji asiye na mchana alikuwa hana kitu. Leonsia akashindwa kurudisha zoezi moja, akashindwa la pili. Barua ikaja kutoka Dar es Salaam, fupi, haina hata salamu: akikosa zoezi la tatu, jina lake litafutwa. Mwisho wa kulipeleka ulikuwa tarehe thelathini na moja Machi.

Ndipo mwishoni mwa Februari tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Anatafutwa msimamizi wa ulezi. Kazi ni asubuhi na jioni, na atakayeipata amesamehewa mihogo.

Leonsia alilisoma mara tatu. Asubuhi na jioni! Yaani mchana wote wake, na kazi yenyewe watoto, ambao alikuwa amewabeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa wa kubebwa. Akafua gauni lake la bluu.

Sasa mambo ya ofisini nayo tuyaseme. Oktoba iliyopita, kabla tu ya vita, dereva wa wilaya alikuwa ameleta kikaratasi kwa katibu wa kijiji, Novatus. Kiliandikwa hivi: "Anzisheni ulezi kabla ya mwisho wa mwaka. Teueni msimamizi. Maelezo yatafuata." Maelezo hayakufuata, kwa sababu gari lililotakiwa kuyaleta lilipelekwa vitani kubeba askari. Novatus akakisomea kikao, na kikao kikafurahi mno. Serikali ilikuwa imewahi kuwaamuru mihogo, pamba, na vyoo, lakini hii ilikuwa amri ya kwanza kupokewa kwa makofi. Kila mzee pale alijua ulezi unatoa pombe gani. Walilima ekari nne kwa siku sita, bila mtu kuitwa mara mbili.

Siku ya usaili Leonsia aliingia, akapiga goti, akawaamkia shikamoo wote, wakaitikia marahaba. Mwenyekiti, mzee Kazimili, ndiye aliyeuliza. Alikuwa mtu mwema, mkali kidogo, na Kiswahili chake alikigawa kama sukari ya mgawo: kila neno lilipata kiambishi kilichokuwapo siku hiyo.

Alitaka kujua ameanza lini ulezi. Leonsia akajibu kwamba tangu akiwa na miaka tisa, mama yake alikuwa akimwachia yeye kila kitu. Wazee wakatazamana kwa kuridhika.

Vikisongamana je, atafanyaje? Leonsia akasema atapunguza upande uliojaa, na wengine atawahamishia penye nafasi, taratibu, bila kuwaumiza. Novatus aliandika kwa kasi. Mzee mmoja akanong'ona kwamba hata yeye asingejibu hivyo.

"Vizuri," akasema mzee Kazimili. "Haya. Ndege zikija?"

Leonsia alikuwa amelitegemea swali hili. Redio ilikuwa imesema habari za mabomu, na kila kaya ilikuwa imechimba handaki lake.

"Zikija, mzee, nitawalaza wote chini kifudifudi. Kisha nitawaingiza handakini, nami nitakaa juu yao mpaka zipite."

Novatus aliacha kuandika. Mzee Kazimili alimtazama yule binti aliyefua gauni, akatazama dirishani kuelekea zile ekari nne zilizoanza kutoa masuke. Wakamshukuru, wakamtoa. Baada yake akaingia mzee Nshoma, akaulizwa habari ya ndege, akasema atapiga debe. Kazi akapewa Nshoma.

Jioni Novatus alimweleza shangazi Scholastika, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mpwa wake ana akili ila ana roho ya uharibifu. Scholastika akamuuliza Leonsia alichosema huko. Leonsia akarudia neno kwa neno, na shangazi asione kosa. Wakabaki wawili wameshika tama, wakijiuliza watoto wa kijiji hiki wanalindwaje kwa debe.

Jumatatu Leonsia alirudi kwenye mihogo, na shamba la mihogo lilipakana na ekari nne. Akamwona Nshoma juu ya dungu, anatwanga debe, na ndege wadogo wanaruka kutoka kwenye masuke. Akauliza watoto wako wapi. Watu wakamuuliza watoto gani.

Alikaa chini kwenye tuta akacheka mpaka akashindwa kupumua, na kicheko kilipokwisha kikawa kilio. Mchana akamfuata Novatus kumwambia kwamba wilaya haikumaanisha nafaka. Novatus akajibu kwamba mtu wa kukalia mazao handakini hawezi kumfundisha yeye Kiswahili.

Tarehe ishirini na moja Machi, afisa wa wilaya aitwaye Anjelika alipata nafasi kwenye lori la askari, akashuka barabarani na mkoba wake. Novatus alikuwa amempelekea taarifa nzuri kuliko za vijiji vyote: ulezi umestawi, msimamizi yupo, wananchi wana hamu kubwa na matokeo. Anjelika alimshika mzee Kazimili mikono miwili kwa furaha, akaomba kuonyeshwa. Kamati nzima ikamsindikiza mpaka ukingoni mwa shamba.

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Watoto wako wapi?"

"Watoto tumewakataza kabisa, mama," akasema mzee Kazimili kwa fahari. "Wanakanyaga ulezi."

Nshoma, kwa heshima ya mgeni, akapiga debe kwa nguvu zaidi.

Ilichukua muda. Anjelika aliuliza, akaeleza, akaonyesha kwa kiganja urefu wa mtoto mdogo, na wazee wakawa wanainamisha vichwa mmoja baada ya mwingine kadiri ilivyowaingia. Mwisho akasema anakwenda Ngara, atarudi baada ya siku tatu, na akikuta ni nafaka tu ataandika kwamba kijiji kimekaidi. Mzee Kazimili hakubishana. Alivuka tuta akaingia kwenye mihogo, peke yake, akatafuta gauni la bluu.

Leonsia alipiga goti kumwamkia, naye akamwambia ainuke. Akasimama akichokoa udongo kwa fimbo, kisha akasema kwamba lile jibu la handaki sasa amelielewa, na kwamba lilikuwa jibu la mtu mwenye huruma. Kazi ni yake akiitaka. Leonsia alisema alilokuwa nalo: ataanza asubuhi, saa sita wazazi wachukue watoto wao, na baada ya hapo asiitwe na mtu.

"Unakwenda wapi saa sita?"

"Nasoma, mzee. Nina zoezi la mwisho wa mwezi."

Akakubali. Siku ya tatu Anjelika alikuta watoto arobaini na watatu ndani ya ghala la kijiji, wanaimba, na akaandika kwamba kijiji kimetii.

Lakini alipokwisha kuondoka, Novatus akatoa orodha mpya, na jina la Leonsia lilikuwamo: mihogo, saa saba mpaka jioni. Ilikuwa imebaki wiki moja. Leonsia alikwenda kikaoni na zoezi lake kifuani, nusu limejibiwa, akaliweka mezani. Novatus akaeleza kwamba ni vita, kila mkono unahitajika, na kusoma kunaweza kusubiri. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Mzee Kazimili akaichukua orodha, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mwacheni asome," akasema. "Sisi wote hapa tulijidai tunajua, tukalima watoto ekari nne."