Litupe Gongo, Mwanangu

Mwanatumu wa Mombasa aliichezea Kenya softiboli miaka tisa, akaja Dubai kuuza manukato mtaa wa Al Mankhool, hadi chuo kimoja kikamwajiri awe kocha mkuu wa timu ya wasichana. Katika softiboli, ukishaupiga mpira unatupa gongo, unazunguka vituo vinne. Lakini wasichana wake wamekulia kwenye kriketi, basi wanakimbia na gongo mkononi. Miaka miwili anapiga kelele mpaka sauti imemkauka: "Litupe, mwanangu! Unalipeleka kwenu?"

Jana kwenye fainali mchezaji wake Arwa aliupiga mpira ukaenda mbali na, alhamdulillahi, akalitupa gongo. Akafika kituo cha kwanza, akakigusa, akageuka, akarudi mbio alikotoka, kama wafanyavyo kwenye kriketi.

Mwanatumu akashika kichwa.

"Mwalimu, umeniona?" Arwa aliuliza akihema. "Leo nimelitupa!"