Mchoro Nilioukata Mapema

Mwanangu, iko alasiri moja ya ujana wangu ambayo hata leo hainitoki moyoni. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikisomea ufundi wa mitambo katika chuo kimoja hapa kisiwani. Wasichana darasani tulikuwa wawili tu: mimi, mtoto wa Kibokoni, na Kadzo, Mgiriama aliyekaa kwa shangazi yake Majengo. Tulipendana, wallahi. Mahamri ya mama tukila pamoja, na Jumamosi tukienda ufukweni Mama Ngina kula mihogo, tukicheka hata watu wakitugeukia.

Kompyuta za chuo zilikuwa chache, na kwenye chumba chake ulivua viatu mlangoni kama unaingia msikitini. Siku hiyo Mwalimu Mwakio alitupa kazi sisi wawili. Uzito umetundikwa kwenye springi, unasukumwa tena na tena kwa mdundo ulio karibu sana na mdundo wake wenyewe, ila haulingani nao. Tuchore mwendo wake kwa programu ya hesabu, na kesho yake tulieleze darasa.

Niliketi mimi mbele ya mashine. Kiti kilikuwa kimoja na sikumpisha. Kibri changu kilianzia hapo. Nikaiandikia ichore mwendo wa sekunde ishirini. Mstari ukapanda na kushuka, kila wimbi likilizidi lililotangulia.

"Utazidi kukua mpaka springi ikatike," nikasema.

Kadzo alikuwa amepiga hesabu daftarini. "Ongeza muda, shoga. Midundo hailingani. Itafika mahali ipingane, uzito utulie, kisha uanze upya."

Nilikuwa nimechoka, na kompyuta ilichora polepole. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikamwambia, "Huko kwenu mashambani mliiona kompyuta lini?"

Alifunga daftari, akavaa viatu, akaenda zake.

Kesho yake nikasimama mbele ya darasa na mchoro wangu. Mwalimu Mwakio aliutazama, akaja kwenye mashine, akaandika sekunde mia mbili. Tukangoja. Mstari ukavimba, ukasinyaa hata karibu ulale, kisha ukavimba tena, vile vile alivyosema Kadzo.

"Umeukata mapema," akasema Mwalimu. "Na mwenzako alisemaje?"

Kadzo alikuwa ameketi safu ya pili, ananitazama. Nikajibu, "Hakusema kitu."

Baada ya darasa Mwalimu aliniita. Alikuwa ameshaliona daftari la Kadzo.

"Rukia, mchoro ukikosewa hufutwa. Neno la mwenzako ulilolificha utalifutaje? Nenda ukamtake radhi leo hii."

Nikasema moyoni, kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mitihani ikaingia, nikawa namwona kwa mbali, nikijidanganya kwamba yeye ndiye atakayeanza, maana kati yetu mpole alikuwa yeye. Mitihani ilipokwisha ndipo nikajikaza, nikaenda Majengo. Shangazi yake alinipokea mlangoni.

"Kadzo aliondoka juzi, mwanangu. Amepata kazi Kisumu." Kisha akaniangalia kwa huruma. "Alikungoja sana. Kila jioni akikaa hapa barazani. Nikimwambia aingie ndani, anasema, 'Rukia atakuja.'"

Nilipewa anwani, nikaandika barua mbili. Hazikujibiwa. Nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, nimepata marafiki wema, siwakosei shukrani. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Mpaka leo likinitokea jambo la kuchekesha, mtu wa kwanza ninayetamani kumsimulia ni Kadzo, na sijui hata kama yu hai.

Basi shika haya, mwanangu. Mwenzio akisema kweli, mpe kweli yake mbele za watu, hata ikikuaibisha. Kujikwaa si kuanguka. Aliyejikwaa akainuka papo hapo hakosi wa kumpa mkono. Ukimkosea mtu, mwendee siku ile ile, wala usimwachie aliyeumizwa kazi ya kuanza. Wewe una simu mkononi. Mimi nilikuwa na miguu tu, na toka Kibokoni hadi Majengo si mbali.

Mungu akupe ulimi laini na moyo mwepesi wa kuomba radhi, akuwekee wanaokupenda hata uzeeke nao. Na Kadzo, popote alipo, amfikishie salamu zangu. Amin.