Shimo la Tofali la Shemeji

Malaria ilinipanda kichwani, nikapona, lakini mpaka leo mbu akilia sikioni natetemeka mwili mzima. Aliyewafuga mbu hao namjua. Ni shemeji yangu, aliyechimba shimo la tofali nyuma ya nyumba yangu, likajaa maji ya mvua. Nilipolalamika, akaja na dawa ya kupulizia alizeti.

"Naimwaga humu, shemeji, mbu kwisha."

"Nyuki wangu wanakunywa humo humo."

"Basi chagua, nyuki au kaburi."

Niliogopa kweli, ila nilimzuia. Akaondoka anacheka. Nikalifukia shimo mwenyewe kwa jembe, nyuki nikawawekea maji kwenye karai lenye mawe ya kutua. Nayabadilisha kila asubuhi, na kila nikiinama kutafuta viluwiluwi vya mbu, moyo unanidunda.